MGENI WA HEARD ASIVUNJE NYUMBA

Kisiwa cha Heard ni mali ya Australia, lakini kiko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka mji wa Perth, huko kusini karibu na Antaktika. Hakina mkaaji, hakina hoteli wala uwanja wa ndege. Mlima wake, Big Ben, ni volkeno yenye urefu wa mita 2,745. Juu umejitanda barafu, tumboni unatokota moto! Atakaye kulala huko husafiri kwa meli siku nyingi, kisha apige hema kwenye upepo usiojua kupumzika.

Kuna wenzetu wasemao ati mtu aliyegharimika namna hiyo aachwe ajivinjari apendavyo. Mimi nasema la, hasha!

Sisemi watu wasiende. Australia ilijenga kituo cha utafiti huko mwaka 1947. Mwaka 1997 wapenzi wa redio walipiga kambi, wakawasiliana na walimwengu zaidi ya mara 80,000. Hayo ni mambo ya kusifiwa. Ninachotetea ni masharti. Kwanza, hapana kushuka bila kibali. Pili, viatu, nguo na mabegi husafishwa visibakie na mbegu, udongo wala mdudu. Tatu, taka zote hurudi melini. Wengine huona huo ni usumbufu mtupu. Jamani, mbegu moja kwenye soli ya kiatu ina madhara gani?

Hebu tutazame kisiwa cha Marion, mali ya Afrika Kusini. Wawindaji wa sili waliokwenda huko katika karne ya 19 walileta vipanya bila kukusudia. Baadaye, mnamo 1949, wafanyakazi wa kituo cha hali ya hewa wakaletewa paka watano wa kuwala hao vipanya. Watano tu! Kufikia 1977 walikuwa wamezaana wakafika 3,400 hivi, na kila mwaka waliua ndege wa baharini kwa malaki. Ndege hao hutaga mashimoni ardhini, maanake hawakuzoea adui wa miguu minne. Kuwamaliza paka hao kulichukua miaka mingi, hadi 1991. Na vipanya je? Wangali wapo, na sasa huwatafuna makinda ya albatrosi wakiwa hai viotani. Kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Heard haina panya, paka wala sungura. Visiwa vya namna hiyo katika bahari ile vimebaki vichache mno. Ndiyo maana naona afadhali msafiri azuiwe melini, hata kama ameshalipa na kisiwa anakiona kwa macho, kuliko ashuke na begi lisilokaguliwa. Hasara yake ni ya pesa, na pesa hutafutwa. Ndege akishaisha duniani hatafutwi tena.

Mtaniuliza, sisi na Heard wapi na wapi? Ni kweli, huenda hakuna hata mmoja wetu atakayefika. Lakini pengwini na albatrosi hawana kinywa cha kujitetea. Mwenye nyumba asiyeweza kusema ndiye hasa wa kuheshimiwa na mgeni. Kwa hivyo mgeni apige hema lake, afanye kazi iliyompeleka, kisha ang'oe vigingi vyote aondoke, asiache nyuma hata ganda la pipi.