Kisu cha Mtumba au Kipya? Angalia Chuma, Usiangalie Mng'aro

Kila siku ya mnada naulizwa: "Bwana shamba, nichukue kile cha zamani au hiki kipya kinachong'aa?" Leo natoa msimamo wangu. Kwa kazi ya shambani, kisu cha zamani kilicho kizima kinashinda kipya cha bei ya chee. Ila kuna sharti moja, na ukilisahau unaweza kupoteza shamba zima la migomba.

Visu vipya vingi vya bei ya chini ninavyoviona minadani ni vya chuma laini. Unakata mikungu michache, makali yamelala. Vingine chuma chake kinaingia kidogo tu kwenye mpini. Nimewahi kumfunga mkulima kitambaa kiganjani baada ya kisu chake kipya kuchomoka mpini akiwa kazini. Alichookoa kwenye bei alikilipa zahanati.

Kabla ya kutoa hela kwa kisu cha zamani, kipime hivi:

1. Pitisha tupa taratibu kwenye makali. Ikizama kirahisi, chuma ni laini, kiache. Ikikata kwa shida kidogo, chuma ni kizuri.
2. Tazama rangi. Ukiona bluu au zambarau kwenye makali, kilinolewa kwa mashine mpaka kikaungua. Ugumu wake umepotea hapo.
3. Shika mpini. Chuma kifike mwisho wa mpini na misumari isicheze. Mpini uliooza unabadilishwa, lakini kisu chenye ufa hakifai tena.

Kutu ya juu isikutishe, inatoka kwa msasa. Kutu iliyotoboa makali ndiyo ya kukimbia.

Sasa lile sharti. Mnyauko bakteria wa migomba, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera, husafiri kwa kisu. Cha mtumba hujui jana kilikata migomba ya nani. Kabla hakijagusa shamba lako, kisafishe udongo na utomvu, kisha kichovye kwenye jik, kipimo 1 kwa vipimo 5 vya maji. Kama huna jik, kipitishe kwenye moto mpaka kisishikike kwa mkono. Usikiache kiwe chekundu, utaua ugumu ulioununua. Ukitumia jik, suuza, kausha na upake mafuta, maana jik inaleta kutu. Ugonjwa ukiwa umeingia eneo lenu, rudia usafi huo kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine.

Mwenye kisu kipya naye asijione salama. Siku utakapomwazima jirani, kikirudi ni mtumba tayari.

Wauza nyama na samaki, ninyi nawashauri tofauti: nunueni kipya kisichoshika kutu, chenye mpini wa plastiki. Mpini wa mti wenye nyufa unaficha damu na uchafu, na mteja akiugua tumbo harudi.

Wengine watasema mimi napinga vitu vipya. Hapana. Ukipata kipya cha chuma kigumu na uwezo unao, chukua. Ninachopinga ni kununua mng'aro. Jumamosi njoo na tupa mnadani, tupime pamoja kabla hujalipa.