Kiwavi Awashaye Katika Kahawa

Msimu wa kuchuma kahawa ukifika, hapa Majengo hatukosi kumwona mchumaji aliyevimba mkono akitafuta dawa dukani, naye hajui kilichompata ila ameambiwa ni “mdudu wa majani”. Yafaa tumjue mdudu huyo, maana wenyeji wa Meru na Embu wamelima kahawa tangu miaka ya 1930.

Wataalamu humwita Parasa vivida. Mama yake ni nondo mzuri wa kutazamwa, mabawa yake ya mbele ni ya kijani yenye ukingo wa hudhurungi. Nondo huyo hali kitu. Kazi yake ni kuzaa tu. Mayai huyapanga chini ya jani, moja likilalia jingine kama magamba ya samaki. Baada ya siku kama 10 hutoka viwavi wadogo, nao hukaa kundi moja wakikwangua ngozi ya chini ya jani. Wakisha kukua hutawanyika, kila mmoja akila jani tangu ukingoni. Kiwavi mkubwa hana miguu ionekanayo. Huteleza polepole kama konokono, na mgongoni ana vishungi vya miiba. Mwiba una uwazi ndani wenye sumu, na ukiguswa ncha yake hukatikia katika ngozi. Hata kiwavi akifa, miiba yake huweza kuwasha. Mwisho hujifumia kifuko kigumu, mfano wa yai, juu ya gome la tawi, na humo hugeuka nondo.

Aliyechomwa asijikune, ingawa najua ni vigumu. Abandike utepe wa gundi juu ya ngozi na kuubandua, miiba itoke nao, kisha aoshe kwa maji na sabuni. Jicho likiguswa, au pumzi ikimpata kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Wengi husema, “Na tupige dawa!” Mimi siafiki. Wako nzi na nyigu wadogo wanaotaga mayai katika miili ya viwavi hao na kuwaua, na dawa ikinyunyizwa ovyo huwaangamiza rafiki zetu hao pia. Heri kulichuma jani lenye kundi la wadogo kabla hawajatawanyika, na kulitosa katika ndoo ya maji ya sabuni. Afanyaye kazi hiyo avae shati la mikono mirefu na kufunika viganja, wala watoto wasitumwe.