Barafu ya Usiku kwa Joto la Mchana

Samaki anayeshushwa ufukoni Bagamoyo bila barafu ana saa chache tu za kuuzwa kwa bei yake halali. Baada ya hapo mwenye kupanga bei ni mchuuzi, na jua likizidi kupanda, mwenye kupanga bei ni kikaango. Si kila samaki anayekaangwa pale hukaangwa kwa kuwa mlaji amependa; wengine hukaangwa ili wasioze.

Suala hili lapasa kutazamwa upya, kwani hali ya umeme nchini imebadilika. Mwishoni mwa 2023 wananchi walikuwa katika mgao. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha, na haikupita miezi mingi Serikali ikatangaza kuzima baadhi ya mitambo ya maji kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Mitambo yote 9 ya bwawa hilo, kila mmoja wa megawati 235, sasa imekamilika.

Wapo watakaosema kwamba bwawa lenyewe ni ghala: maji yasiyotumika usiku wa manane yatatumika kesho jioni. Ni kweli, isipokuwa wakati wa mafuriko ambapo maji hayana budi kufunguliwa. Lakini ghala la Rufiji haliwezi kunenepesha nyaya za Kerege, Zinga na Kiromo. Transfoma inayolemewa kati ya saa moja na saa nne usiku, watu wanapowasha taa, televisheni, pasi na viyoyozi kwa pamoja, ndiyo hiyo hiyo inayokaa karibu bure saa nane usiku. Kinachohitajika ni ghala lililo upande huu wa transfoma, nalo halihitaji betri za bei kubwa. Laweza kuwa barafu.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto sawa na lile la kupandisha kilo ya maji kwa nyuzi 80. Mafundi wa viyoyozi hupima mashine zao kwa "tani", na wachache wanakumbuka kuwa maana yake ni tani ya barafu iyeyukayo kwa siku nzima. Kwa hiyo pipa kubwa la maji lililogandishwa alfajiri laweza kupoza ofisi mchana kutwa, mashine ikiwa imezimwa. Nchi nyingine hufanya hivyo katika majengo makubwa.

Kwa duka la soda mambo ni mepesi zaidi. Jokofu lililojazwa chupa za maji ya chumvi hugandisha usiku, likazimwa jioni yote bila bidhaa kuharibika. Maji yenye chumvi sehemu moja kwa kumi huganda kiasi cha nyuzi 6 chini ya sifuri, na chumvi si kitu cha kuagizwa ng'ambo. Mashamba yake yapo Nunge, hatua chache tu kutoka mjini. (Wazee waliojenga kwa mawe na chokaa walijua jambo la namna hii: kuta nene huhifadhi ubaridi wa usiku. Sisi tumejenga kwa matofali membamba na bati, kisha tukanunua viyoyozi.)

Kwa nini basi hayafanyiki? Mwenye mashine ya barafu aliye katika daraja la T1 hulipa bei ile ile ya uniti saa mbili usiku na saa tisa usiku. Hana sababu ya kungoja. TANESCO ndiyo yenye kupeleka maombi ya bei, na EWURA ndiyo yenye kuyaidhinisha. Wala halihitajiki bwawa jipya kwa kazi hiyo. Ianze na mashine moja ya kikundi cha wavuvi Bagamoyo, mita moja yenye kutambua saa, bei nafuu ya usiku wa manane kwa msimu mmoja wa kaskazi, na hesabu zake zibandikwe mnadani, mbele ya wauza samaki.