Kabla ya kuiacha lami, jua upepo wa matairi yako

Shule zikifungwa wengi wetu tuishio mjini hupakia watoto garini tukaelekea mashambani kuwaona wazee. Tunakagua mafuta, maji na breki. Matairi tunayapiga teke moja, tukisikia hayakubonyea twasema yako sawa. Leo nataka kukuonya kuhusu teke hilo.

Mimi nilifunzwa na mto. Agosti ya mwaka mmoja tulikuwa tukirudi Nairobi kutoka Kitui, mama watoto kando yangu, watoto watatu nyuma, pamoja na kuku wawili na gunia la ndengu. Kama ujuavyo, mito mingi ya Kitui wakati wa kiangazi haina maji, ni mchanga mtupu. Gari likazama katikati. Kadiri nilivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyojichimbia. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi akacheka, kisha akaniambia, "Mzee, toa upepo kidogo." Tukatoa kwa kukisia, magurudumu yote manne, na gari likapanda ng'ambo bila taabu.

Kosa langu lilikuja baadaye. Tulipofika kwenye lami jua lilikuwa linatua, nami sikuwa na pampu. Nikajiambia nitajaza upepo kituo cha petroli kitakachofuata. Nilikuwa kwenye kilomita 90 kwa saa tairi la nyuma lilipopasuka. Gari liliyumba hadi upande wa pili wa barabara kabla sijalidhibiti. Mungu alitunusuru, hapakuwa na lori lililokuwa likija. Hadi leo kelele za wale watoto sijazisahau.

Kwa nini lilipasuka? Tairi lenye upepo kidogo hujitandaza chini, likakanyaga eneo kubwa. Ndiyo maana halizami mchangani. Lakini kwenye lami, tairi hilohilo hukunjika na kukunjuka ubavuni kila linapozunguka. Mwendo ukiwa wa kasi na mzigo mzito, ubavu hupata joto jingi mpaka nyuzi za ndani zikaachana. Upepo uliotuokoa mtoni ndio nusura utuue barabarani.

Basi, msomaji, nunua vitu viwili: kipima upepo, na pampu ndogo inayotumia umeme wa gari. Kiasi cha upepo wa gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Upime asubuhi kabla hujaendesha, kwa sababu tairi likishika moto kipimo hupanda na kukudanganya. Gari linalotumia pauni 32 kwenye lami laweza kushushwa hadi 26 au 28 kwenye barabara ndefu ya changarawe, na mwendo upunguzwe pia. Kwenye mchanga mwingi, 18 hivi zatosha, bila kuzidisha kilomita 30 kwa saa wala kukata kona ghafla, kwani tairi laweza kuchomoka kwenye rimu. Penye mawe makali usishushe mno, maana ubavu hutokeza nje, na ubavu ukichanika fundi wa pancha hana la kufanya. Ukirudi kwenye lami, simama ujaze kwanza. Dakika 20 haziwezi kukuchelewesha kiasi cha kujuta.

Na ukitaka kununua matairi mapya? Yale yenye meno makubwa ya matope, yaliyoandikwa M/T, yanapendeza kuangalia. Yanafaa sana kwenye ule udongo mweusi unaonata, kwani mianya yake mipana hutema tope. Lakini kwenye lami yana makelele, yanakula mafuta, na mvua ikinyesha hayashiki barabara vizuri unapofunga breki. Familia inayoishi mjini na kwenda mashambani mara tatu kwa mwaka itafaidika zaidi na yale ya A/T, yanayofaa lami na changarawe. Hakikisha pia yana uwezo wa kubeba uzito wa gari lako likiwa limejaa.

Usisahau kuuliza umri wa tairi, hasa ukinunua lililotumika. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha usome tarakimu nne za mwisho. Ikiwa ni 2319, lilitengenezwa juma la 23 la mwaka wa 2019. Usipoziona, tazama ubavu wa pili. Lililopita miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na lililofika kumi liondolewe hata kama meno yake yangali marefu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, usibishane na muuzaji, nenda zako.

Ukifika nyumbani kutoka safari, osha matairi, ng'oa vijiwe vilivyonasa kwenye meno, na upapase mbavu zote, hata za upande wa ndani. Badilishana ya mbele na ya nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi. Lile la akiba lipimwe upepo pia, kwani ni wengi waliolishusha njiani wakalikuta limelala. Beba na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, isije ikazama mchangani.

Madereva wa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953, huweza kubeba hadi matairi mawili ya akiba, nao ni mabingwa. Sisi wenye watoto nyuma tutajitia ushujaa wa nini?

Juma hili, kabla ya kwenda kokote, inama uyatazame. Lile teke waachie wacheza kandanda. Safari njema.