Filamu za Majanga na Radi ya Kisii

Mvua ilinikuta Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, nikajibanza katika banda la video. Iliyokuwa ikionyeshwa ni San Andreas, filamu ya Marekani ya 2015, imetiwa maneno ya Kiswahili. Wimbi kama mlima lilipoikumba San Francisco, vijana walishangilia. Mara radi ikapiga, stima zikapotea, watu wakatawanyika. Nilipochungulia nje, niliwaona kadhaa wamejikinga chini ya mkaratusi.

Ndugu msomaji, wimbi lile ni chumvi tupu. Ufa wa San Andreas kwa sehemu kubwa uko nchi kavu na ardhi yake husuguana kwa ubavu, kwa hiyo hauwezi kunyanyua bahari namna ile. Mwaka huohuo Norway ilitoa Bølgen, ambayo huku kwetu wachache wameiona. Inahusu mlima wa Åkneset, ambao kweli una ufa na wataalamu huuchunga usiku na mchana. Mlima ukiporomokea majini, watu wana dakika 10 tu za kukimbia. Hofu yote ya filamu imo katika dakika hizo: nani ameonywa, na nani amepuuza.

Sisi wa Pwani tunalijua hilo. Tarehe 26 Disemba 2004 tsunami ilichukua saa kadhaa kutufikia kutoka Sumatra. Watu waliondolewa ufuoni, na Kenya ikapoteza mtu mmoja. Somalia walikufa mamia. Onyo liliokoa roho, lakini nani ametengeneza filamu ya onyo?

Kisii na Nyamira ziko nyanda za juu, karibu na Ziwa Victoria. Hewa yenye unyevu hupanda milima hiyo, na radi hupiga huko kuliko sehemu nyingi za Kenya. Radi haina wimbi la kushangiliwa. Humwua mmoja shambani, wawili wakitoka shule, habari ikaisha.

Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, inayohusu dunia iliyokosa maji, haifiki hata nusu saa. Basi serikali za kaunti hizi mbili zigharamie filamu fupi kama hiyo: mawingu yanatanda, mtoto yuko njiani, mti uko karibu, nyumba iko mbali kidogo. Ionyeshwe katika mabanda yaleyale, kabla ya San Andreas. Huenda mvua ijayo vijana wale wakaupita mkaratusi, wakakimbilia ndani.