Kubeba mizigo si mazoezi: mwogeleaji wa Masisi na Walikale anahitaji mpango wa nchi kavu

Tarehe 2 Agosti 2024, mjini Paris, Mwaustralia Cameron McEvoy alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 50 za mtindo huru kwa sekunde 21.25. Alikuwa na miaka 30, umri ambao waogeleaji wengi wa mbio fupi wamekwisha kustaafu. Katika mashindano hayohayo ya mita 50, Kongo iliwakilishwa na Aristote Ndombe, aliyeshiriki duru ya mchujo.

McEvoy alifikia dhahabu hiyo kwa njia iliyowashangaza makocha wengi. Baada ya michezo ya Tokyo alipumzika, kisha akarudi akiwa amepunguza sana kilomita za majini. Muda aliouokoa aliuweka nje ya maji, katika kunyanyua uzito na kujivuta kwa mikono. Mwaka 2023 alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akashinda Olimpiki.

Habari hiyo inawahusu watu wa Masisi na Walikale kuliko inavyoonekana. Wilaya hizo mbili za Kivu Kaskazini hazina bwawa la mashindano, pisini ya mita 50 yenye mistari na saa. Maji yenyewe yapo: maziwa ya Mokoto upande wa Masisi, mto Lowa na mto Oso upande wa Walikale. Wengi hujifunza kuogelea humo wakiwa watoto. Lakini anayetaka kushindana sharti ashuke hadi Ziwa Kivu, Goma au Minova, na barabara hukatika kila mapigano yanaporudi. Kwa hiyo mwogeleaji mtu mzima wa huko anaweza kukaa majuma mengi bila kugusa maji ya kina. Akisubiri pisini ijengwe, atazeeka akisubiri. Kazi anayoweza kuianza leo ni ile ya nchi kavu.

Hapo ndipo kosa kubwa linapotokea. Watu husema: vijana wa huku wana nguvu tayari, wanabeba mizigo tangu utoto, wanahitaji mazoezi ya nini? Ni kweli kwamba wana nguvu. Wabebaji wa Walikale wamejulikana kwa miaka mingi kwa kutembea msituni kutoka machimbo ya Bisie wakiwa na magunia ya kasiteriti ya kilo 50 mgongoni. Huko Masisi watu husukuma chukudu zilizojaa makala na viazi kwenye vilima. Wanawake hubeba kuni na bidoni za maji za litri 20, kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso.

Lakini nguvu ya kubeba na nguvu ya kuogelea si ndugu wa tumbo moja. Mzigo hukandamiza shingo, mgongo na magoti kuelekea chini, huku mikono ikishikilia tu. Mwogeleaji hujinyoosha kama ubao, na kinachompeleka mbele ni kuvuta maji kwa mkono, bega na misuli mipana ya mgongo. Mbebaji hutembea polepole kwa saa nyingi, wakati mbio za mita 50 huisha kabla ya nusu dakika na kudai nguvu ya ghafla. Tena mbebaji hachagui uzito wala siku ya kupumzika. Njaa na mwenye mali ndio humchagulia. Mazoezi ni mzigo uliopimwa, unaoongezwa kidogo kidogo na kufuatwa na mapumziko, kwa sababu misuli hukua wakati mtu amelala na amekula.

Mpango unaofaa hauhitaji chumba cha mashine. Mara mbili kwa juma, dakika 45 kila mara, zinatosha kuanzia. Zoezi la kwanza ni kujivuta kwenye tawi au mti imara uliolazwa juu ya nguzo mbili, mara nne au tano, kupumzika dakika mbili au tatu, kisha kurudia mizunguko mitatu au minne. La pili ni mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, uliokatwa na kufungwa kwenye mti: mtu huinama mbele na kuuvuta kuelekea nyonga huku kiwiko kikibaki juu, kama anavyoshika maji. La tatu ni miguu: kuchuchumaa na kusimama na gunia dogo, halafu kuruka juu bila gunia. Miguu ndiyo inayomtupa mwogeleaji kutoka jukwaani, na kanuni zinamruhusu kwenda hadi mita 15 chini ya maji kabla ya kichwa kutokeza. La nne ni kukaa kwenye viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, ili kiuno kisilegee majini.

La tano ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ni la kulinda bega. Maumivu ya bega ni ugonjwa wa kawaida wa waogeleaji. Kiwiko kikibanwa ubavuni, mkono huzungushwa nje polepole dhidi ya mpira mwepesi, mara 15. Anayesikia maumivu makali ndani ya bega aache, asijikaze kiume.

Anayebeba mizigo kwa riziki ana kanuni moja ya ziada: siku ya kubeba ihesabiwe kuwa siku ya mazoezi ya miguu na mgongo. Jioni hiyo afanye mpira na bega tu, au alale. Kuongeza gunia juu ya gunia ni kutafuta kuumia. Na chakula kisidharauliwe. Maharagi, karanga, sambaza, na maziwa ya Masisi pale yanapopatikana, vinajenga misuli. Pale ambapo watu wanakula mara moja kwa siku, mazoezi mazito yapunguzwe, kwani hakuna mpango unaoshinda njaa.

Kuna hoja mbili za kupinga, na zote zina uzito. Ya kwanza inasema nchi kavu haimfundishi mtu kuogelea. Ni kweli. McEvoy alikuwa na miaka mingi ya maji mwilini kabla ya kuyapunguza. Ndiyo maana mpango huu unawafaa wale wanaojua kuogelea tayari, wavuvi na watu waliokulia kando ya mito na maziwa, na kila barabara inapofunguka wapelekwe kwenye maji ya kina chini ya uangalizi.

Ya pili inasema huu ni wakati wa vita, na kundi la vijana wanaokimbia alfajiri na kuruka pamoja linaweza kudhaniwa kuwa kundi la silaha. Hofu hiyo ina msingi. Basi mazoezi yafanyike mchana, kwenye uwanja wa shule au wa kanisa, watu wachache wachache, wanawake na wanaume, na chifu wa kijiji ajulishwe mapema. Lakini vita si sababu ya kuacha kuogelea. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa ufukwe ukionekana. Watu walikuwa wakipita ziwani kwa sababu njia ya nchi kavu ilikuwa imefungwa na vita. Mahali kama hapo, mwogeleaji mwenye nguvu na ujuzi anaweza kuwa mwalimu wa watoto na mwokozi, hata asiposhinda medali yoyote.

Hivyo klabu za Goma na shirikisho la kuogelea la nchi zinaweza kuanza na jambo dogo. Waandike mpango wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye michoro, utakaotumwa kwa simu na kusomwa kwenye redio za jamii. Wamfundishe mtu mmoja katika kila wilaya kusimamia mazoezi na kutambua bega linaloumia. Kisha, kila njia inapokuwa salama, wawaite watu hao ziwani na kuwapimia muda. Nguvu ya kubeba ipo Masisi na Walikale tangu zamani, na hadi sasa imewatajirisha wenye magunia kuliko wabebaji. Sehemu yake ndogo ikigeuzwa kuwa ya kuvuta maji, mbebaji naye atakuwa amejifanyia kitu chake mwenyewe.