Waraka wa wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania: mwalimu asiogope kumgusa mtoto aliyepigwa na radi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MAZOEZI YA KUKABILI MAAFA KWA WALIMU TARAJALI

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Sumbawanga, mji ambao jina lake wengi hulitafsiri kuwa "tupa uchawi". Huku Ufipa radi ikipiga, wapo ambao swali lao la kwanza ni nani kaituma. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu ilipiga mkaratusi kando ya uwanja, mtoto akaanguka. Walimu watano tulisimama tukimtazama. Wenzangu waliogopa uchawi; mimi, niliyejiona msomi, niliogopa kwamba mwili wake bado una umeme. Alizinduka mwenyewe. Hatukumsaidia kwa lolote.

Mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme. Moyo wake ukisimama, wa kumwokoa ni aliye karibu, amkandamize kifua na kumpulizia pumzi papo hapo, bila kungoja gari la hospitali. Hilo halifundishiki kwa kunakili ubaoni. Mwaka 2018 kule Geita radi iliua wanafunzi 6 wa Shule ya Msingi Emaco Vision. Hatari hii si ya Wafipa peke yao.

Tena chini yetu kuna Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Lile la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa dogo zaidi, lakini majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Ilikuwa Jumamosi. Ingekuwa Jumatatu asubuhi, mwalimu mgeni angewaambia watoto wakimbilie mlangoni au waingie chini ya madawati?

Ombi langu ni moja. Kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha shuleni (BTP), kila mwalimu tarajali apimwe kwa vitendo: akandamize kifua cha sanamu la mazoezi, awaongoze wenzake kujikinga na tetemeko, awatoe bwenini usiku taa zikiwa zimezimwa. Asiyeweza arudie, kama anavyorudia somo aliloshindwa. Zimamoto na Msalaba Mwekundu waitwe wafundishe, na Chuo cha Ualimu Sumbawanga kiwe cha kwanza.

Mvua zetu huanza Novemba. Tafadhali, walimu watakaoletwa kwetu msimu huo wawe wamekwisha kufaulu zoezi hilo.

Mwalimu mstaafu,
Sumbawanga.